Kwa nini kerneli inayokufa haihifadhi faili zako

Leo tuache kidogo mambo ya lugha za programu na tovuti, tuzame chini kabisa, mahali ambapo wengi wetu hatufiki mpaka siku mambo yaharibike.

Ukitumia Linux miaka ya kutosha, siku moja utakutana na mstari huu kwenye skrini: "Kernel panic - not syncing". Baada ya hapo, kimya. Kipanya hakisogei na kibodi haijibu. Maneno mawili ya kwanza kila mtu anayaelewa: kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia kumbukumbu, diski na programu zote, imeshikwa na kiwewe. Maneno mawili ya mwisho ndiyo watu huyaruka. Yanasema kwamba mashine haitaandika diskini yale yaliyokuwa bado yanangoja kwenye kumbukumbu. Faili uliyoihifadhi sekunde tatu zilizopita huenda haikufika diskini, na kerneli inakuambia bila aibu kwamba haitajaribu kuiokoa.

Mtu anaweza kudhani huo ni uvivu wa waandishi wa Linux. La hasha. Zamani kerneli ilijaribu kuokoa, kisha watu wakaja kugundua kwamba kujaribu ndiko kulikokuwa hatari. Ili tuelewe walifikaje hapo, inabidi tuanze na kitu kinachoitwa katizo.

Katizo ni nini?

Prosesa hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Lakini vifaa vya nje havifuati ratiba yake. Diski humaliza kusoma inapomaliza, na mtu hubonyeza kibodi anapotaka. Kwenye mashine za kwanza, programu ililazimika kukiuliza kifaa kila mara, "Umemaliza? Umemaliza?", kama abiria anayemsumbua kondakta kila kituo kutaka kujua kama wamefika. Muda mwingi ulipotea kwa kuuliza tu.

Suluhisho lilikuwa kumwachia kifaa apige kelele mwenyewe. Ishara ikija, prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huweka alama ilipofikia, huruka kwenda kwenye kipande kidogo cha programu (tukiite mhudumu wa katizo), halafu hurudi ilipotoka. Tayari UNIVAC I ya mwaka 1951 ilikuwa na jambo la aina hii kwa makosa ya ndani: hesabu ikizidi nafasi ya rejista, mashine iliweza kuruka hadi anwani sifuri kutekeleza amri mbili za kurekebisha, au ikasimama kabisa, kwa uchaguzi wa mwandishi wa programu. Mwaka 1954 ikaja DYSEAC ya Marekani, ambayo vifaa vyake vya kuingiza na kutoa data viliweza kuikatiza kazi iliyokuwa ikiendelea.

Wazo ni zuri, lakini lina mwiba ndani. Mfikirie mama mboga anayehesabu pesa za mauzo ya siku. Amefika mia saba hamsini, simu inalia, anaipokea. Akirudi, lazima akumbuke alikuwa wapi. Na kama mtu mwingine alichukua noti mbili kutoka kwenye rundo lile wakati anaongea, hesabu yote imeharibika, naye hatajua. Kibaya zaidi, kesho akihesabu tena bila simu kulia, hesabu itakuwa sawa. Kosa litakuwa limejificha.

Mtu aliyeogopa kwanza

Hofu hiyo ndiyo iliyomshika Edsger Dijkstra kule Amsterdam katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Wahandisi wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa wakibuni kompyuta mpya iliyoitwa Electrologica X1, na wakapendekeza iwe na makatizo. Dijkstra ndiye angeandika programu za msingi za mashine hiyo. Baadaye alisimulia kwamba mara moja aliona mbele yake makosa yasiyoweza kurudiwa. Mpaka wakati huo, programu ikikosea ungeweza kuiendesha tena kwa data ile ile ukaliona kosa lile lile. Katizo likiingia, tabia ya programu inategemea ni sekunde gani hasa kifaa kilipiga kelele. Aliwazungusha wenzake kwa muda kabla hajakubali.

Alipokubali, alifanya kazi ile kwa umakini wa mtu anayeogopa, na matokeo yake yakawa sehemu ya tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959. Alichoshikilia ni kwamba huwezi kuupima mfumo kwa kuujaribu mara elfu ukaridhika, kwa sababu katizo la mara ya elfu na moja linaweza kuangukia kati ya amri mbili ambazo hukuwahi kuzifikiria. Lazima uthibitishe kwa hoja kwamba katizo likija wakati wowote ule, matokeo ni yale yale.

Kutoka hapo yakazaliwa mambo tunayofundishwa leo chuoni kana kwamba yalikuwepo tangu enzi. Mojawapo ni semafo, ile alama inayozuia michakato miwili kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyingine ni mfumo endeshi uliojengwa kwa tabaka huko Eindhoven, ambao Dijkstra aliueleza katika makala ya mwaka 1968. Tabaka la chini kabisa lilishughulika na saa na kugawa prosesa. Tabaka zilizo juu yake hazikuhitaji kabisa kujua kwamba katizo la saa limetokea. Hatari ilifungiwa chumba kimoja, na ufunguo ukawa na mtu mmoja.

Kuanguka mara tano na bado kufika

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Julai 1969, somo hili lilijaribiwa mbele ya dunia nzima. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakishuka mwezini wakiongozwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya kuandikika ya maneno 2,048 tu. Katikati ya mteremko ikatoa tahadhari namba 1202. Kisha 1202 tena. Kisha 1201. Kisha 1202 mbili nyingine.

Kilichotokea ni hiki. Rada iliyohusika na kurudi kwenye chombo mama ilikuwa imewashwa, na kwa sababu ya tatizo la umeme wa mifumo miwili kutokwenda pamoja, ilikuwa ikituma mapigo mfululizo kwenye vihesabio vya kompyuta. Kila pigo liliiba chembe ya muda wa prosesa. Ukijumlisha, asilimia kama 13 au 15 ya muda wote ilikuwa ikiibwa na kifaa ambacho hakuna aliyekihitaji wakati huo. Kazi kuu ya kuongoza chombo ilitakiwa kuanza upya kila sekunde mbili, lakini sasa ya zamani haikuwa imekwisha mpya inapofika. Kazi zikarundikana hadi nafasi za kuzihifadhi zikajaa. Hiyo ndiyo maana ya 1202: hakuna nafasi tena.

Kompyuta nyingi za wakati ule zingeganda hapo. Hii ilianguka na kuinuka, kwa makusudi. Waandishi wa programu wa MIT walikuwa wamepanga tangu mwanzo kwamba kila kazi muhimu iweke alama kwenye kumbukumbu kila inapopita hatua salama. Mashine ikijianzisha upya, hutupa foleni yote, kisha husoma zile alama na kuzirudisha kazi zilizosajiliwa tu, kila moja kutoka hatua yake ya mwisho. Marudio yasiyokamilika ya kazi ile ile na maombi madogo ya kuonyesha namba kwenye skrini yalitupwa. Injini iliendelea kuongozwa. Kulikuwa hata na saketi iliyoitwa Mlinzi wa Usiku: programu isipojitokeza kwake kwa muda uliowekwa, anachukulia kwamba imekwama na anaianzisha upya.

Huko Houston pia watu walikuwa wamejiandaa. Siku chache kabla ya safari, zoezi la kuigiza mteremko lilikuwa limewatolea tahadhari ya aina hiyo, nao wakaamua kusitisha safari bila sababu. Baada ya hapo mkuu wao, Gene Kranz, akaagiza tahadhari zote ziorodheshwe na maamuzi yake. Jack Garman alikuwa na orodha hiyo mbele yake, na Steve Bales akatoa jibu ndani ya sekunde chache: endeleeni.

Naomba ushike jambo moja hapa. Wakati wa ajali yenyewe hakuna aliyebuni kitu. Mashine haikufikiria cha kuokoa. Ilishaambiwa ikiwa nzima.

Unix: piga kelele, uwashe upya

Twende sasa kwa babu wa mifumo mingi tunayotumia. Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka huo huo wa 1969, baada ya maabara hiyo kujitoa kwenye mradi mkubwa wa Multics. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi kwenye Multics, amesimulia kwamba siku moja alimweleza Dennis Ritchie jinsi sehemu kubwa ya programu aliyokuwa akiandika ilivyokuwa ya kurekebisha makosa. Ritchie akamjibu kwamba wao wa Unix waliyaacha hayo yote. Kosa likitokea wanaita kijiprogramu kiitwacho panic, mashine inaanguka, na mtu anapaza sauti kwenye ujia ili iwashwe upya.

Ni kichekesho, lakini kuna busara ndani yake. Programu ya kurekebisha makosa nayo ni programu. Haiendeshwi mara nyingi, kwa hiyo haijaribiwi mara nyingi, na huitwa wakati ambapo mambo tayari yameharibika.

Kuhusu makatizo, Unix ya PDP-11 ilitumia ngazi za kipaumbele za prosesa. Kerneli ikitaka kugusa orodha ambayo mhudumu wa diski pia anaigusa, inapandisha ngazi ili katizo la diski lisubiri mlangoni, inafanya kazi yake haraka, inashusha ngazi. Na kanuni moja kubwa: mhudumu wa katizo haruhusiwi kulala, yaani kusimama akingoja kitu. Kwa nini? Kwa sababu hana mchakato wake mwenyewe. Amepanda mgongoni mwa mchakato wowote uliokuwa ukiendeshwa wakati katizo lilipofika. Akilala, anamlaza mwenye mgongo ambaye hana kosa lolote.

Sasa tazama kijiprogramu cha panic katika Toleo la Sita la mwaka 1975. Ni mistari michache tu. Kinaandika diskini data yote inayongoja, kinachapisha ujumbe, kisha kinazunguka milele bila kufanya kitu. Yaani jambo la kwanza kerneli inalofanya ikigundua kwamba imeharibika ni kuandika diskini!

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na anayemkaribia huvutwa naye. Kerneli iliyofikia kiwewe imefika huko kwa sababu kitu ndani ya kumbukumbu yake hakiko inavyotarajia. Inajuaje kwamba orodha ya data inayongoja kuandikwa bado ni safi? Inajuaje kwamba anwani ya diski iliyo kwenye orodha hiyo ndiyo yenyewe? Inaweza kuokoa sekunde tatu za kazi yako, na inaweza pia kuandika takataka juu ya faili za miaka mitatu.

Kutoka kujaribu hadi kukataa

Linux iliyoanza mwaka 1991 ilirithi desturi hii, ila kwa tahadhari zaidi. Ukisoma kerneli za mfululizo wa 2.4 utakuta kiwewe kinauliza kwanza: je, nilikuwa ndani ya katizo? Kama ndiyo, inachapisha kwamba iko ndani ya mhudumu wa katizo na haitaandika. Kama sivyo, inaandika data diskini kama Unix ya zamani.

Sababu unaijua sasa. Kuandika diskini kunahitaji kusubiri, na mhudumu wa katizo haruhusiwi kusubiri. Zaidi ya hapo, huenda katizo liliingia wakati kerneli imeshika kufuli la orodha ile ile ya diski. Ukilingoja kufuli hilo, unamngoja mtu uliyemkatiza mwenyewe, na hatarudi kamwe.

Katika mfululizo wa 2.6 swali hilo likaondolewa. Kerneli haikuandika tena, iwe ndani ya katizo au nje, na maneno "not syncing" yakabaki kwenye kila ujumbe wa kiwewe hadi leo. Hilo ndilo jibu la kichwa cha makala hii.

Haimaanishi kwamba kila kosa linaua mashine. Mchakato wako ukiomba jambo na kerneli ikakosea ikilitekeleza, Linux hutoa ripoti inayoitwa "oops", huua mchakato huo, na mara nyingi huendelea. Lakini kosa likitokea ndani ya katizo, nani auawe? Aliyekuwa na prosesa wakati huo hahusiki, na mwenye kosa hana mwili wa kuuawa. Kerneli haina njia ila kusimama, na ina ujumbe wake maalumu wa tukio hilo unaoanza kwa kilio: "Aiee, killing interrupt handler!"

Windows nayo ilipita njia yake. Dave Cutler aliyeongoza Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, alikuwa ametokea DEC alikoshiriki kujenga VMS, na akaja na fikra ya ngazi za katizo. Wale waliowahi kutengeneza kompyuta za saiba wanaukumbuka ujumbe wa skrini ya bluu IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Wengi waliuchukulia kama uchawi na kuiweka Windows upya. Kwa lugha rahisi unasema hivi: draiva fulani imegusa kumbukumbu isiyofaa, au iliyohamishiwa diskini, ilhali yenyewe iko ngazi ya juu ambapo hakuna ruhusa ya kuingoja diski. Ni kanuni ile ile ya mhudumu asiyelala.

Kujiandaa ukiwa mzima

Lakini ukikataa kuandika chochote, utajuaje kilichokuua? Hapa ndipo ufundi ulipo.

Windows, mashine inapowaka, huandaa ramani ya mahali hasa diskini ambapo faili la kurasa limekaa, pamoja na nakala maalumu ya draiva ya diski ambayo haifanyi kazi nyingine. Pia hupiga hesabu ya kuhakiki vitu hivyo. Ikianguka, huzuia makatizo, husimamisha prosesa nyingine, kisha hurudia ile hesabu. Majibu yasipolingana, haiandiki. Yaani hata mkoba wa huduma ya kwanza unakaguliwa kabla ya kufunguliwa.

Linux ilichukua njia nyingine, iliyoingia katika toleo la 2.6.13 mwaka 2005: kdump. Wakati wa kuwaka, sehemu ndogo ya kumbukumbu inatengwa, na kerneli ya pili inawekwa humo, imelala. Kerneli kuu ikishikwa na kiwewe, haijaribu kujiandikia maiti yake. Inazisimamisha prosesa nyingine kwa katizo lile lisiloweza kuzuiwa, kisha inaruka kwenda kwa kerneli ya pili. Hiyo inaamka na akili timamu, inatazama kumbukumbu ya marehemu, na kuinakili diskini kwa kutumia draiva zake yenyewe. Ni karibu sawa na kumwita daktari kutoka nje badala ya kumtaka mgonjwa ajipasue.

Julai nyingine

Miaka hamsini na mitano baada ya Apollo 11, tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili la masasisho kwa draiva yake ya Windows. Draiva ilikuwa imeandaa thamani 20, faili likataka ya 21. Ilisoma nje ya mipaka ya kumbukumbu, ndani ya kerneli, na Windows ikafanya kama ilivyofundishwa: ikasimama. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki chini na hospitali zikaahirisha huduma.

Kusimama kwenyewe hakukuwa kosa. Tatizo lilikuja wakati wa kuinuka. Draiva hiyo huanza mapema mashine inapowaka, kwa hiyo kompyuta nyingi ziliwaka, zikasoma faili lile lile, zikaanguka tena. Mafundi ilibidi wazifikie moja moja, waingie hali ya usalama na kulifuta faili kwa mkono. Linganisha na Apollo, iliyokuwa ikiinuka bila ule mzigo uliokuwa umeiangusha. Baadaye CrowdStrike ilisema itatoa masasisho hayo kwa awamu. Nayo ni maandalizi ya kabla ya ajali, ila yalifika baada yake.

Ukiandika draiva, au hata programu ya kawaida ya seva, somo ni lile lile. Kazi inayokatiza nyingine iwe fupi, isingoje, iguse vitu vichache. Ukigundua kwamba hali yako ya ndani haiaminiki, usijaribu kuwa shujaa; simama. Na kabla ya siku hiyo amua ni nini kitarudi, kutoka hatua gani, na nini kitatupwa.

Kama una seva ya Linux, soma faili /sys/kernel/kexec_crash_loaded sasa hivi. Ukiona 1, kerneli ya pili iko tayari inangoja. Ukiona 0, siku ikianguka utabaki na mstari mmoja kwenye skrini, na huo sasa unajua maana yake. Tahadhari kabla ya hatari. Tuonane tena hapa hapa.